Plagi za Gari la Tabo: Zisome Kabla ya Kuzitupa

Wakulima wengi wa skimu za Kinangop na Ol Kalou hawamngoji mchuuzi aje shambani. Hupakia mazao katika gari lao wenyewe, wakashuka Nairobi na kuuza njegere, mayai na viazi huko Mathare na Huruma, ambako watu ni wengi na chakula hununuliwa kila siku. Baadhi ya magari hayo, kama vile Subaru Forester zilizotumika kwanza Japani, yana tabo. Gari la tabo ni zuri, lakini lina masharti yake, na sharti moja kubwa ni plagi.

Tuseme umemaliza kuuza, umenunua mifuko ya chakula cha ng'ombe, na sasa umeshika Juja Road kurudi nyumbani. Ukienda polepole gari halina neno. Lakini ukikanyaga mafuta kwa nguvu, injini inamisi, inatikisika, na nguvu inapotea. Unasimama kando ya njia. Fundi anakuja, anasikiliza, anasema, "Plagi zimekufa." Kisha anatoa plagi nne katika mkebe, zimetumika lakini zimesuguliwa kwa brashi ya waya zikang'aa. Bei yake ni ndogo. Je, uzinunue? Ngoja kwanza, ndugu mkulima, usome maneno haya.

TABO HUFANYA KAZI GANI?

Umemwona mhunzi akivuta mvukuto. Akipuliza hewa nyingi, moto huwa mkali. Tabo ni mvukuto wa injini. Moshi unaotoka katika injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukuma hewa ndani ya silinda. Supachaja hufanya kazi hiyo hiyo, ila huzungushwa na mkanda wa injini wala si na moshi.

Faida yake huonekana zaidi kwenu mnaokaa juu. Kinangop iko yapata meta 2,500 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi, kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Injini ya kawaida huishiwa na pumzi. Yenye tabo husukumiwa hewa. Wala msidhani kwamba injini hizi haziwezi njia zetu. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza mashindano ya Safari kwa Subaru Vivio, gari dogo sana lenye supachaja, na mwaka 1994 Ian Duncan alishinda Safari kwa Toyota Celica ya tabo.

Lakini hewa nyingi huleta mambo mawili. La kwanza, joto la ndani ya silinda huzidi. La pili, cheche hupata taabu kuruka, kwa sababu hewa iliyobanwa sana huizuia. Mambo haya mawili ndiyo yanayoamua plagi ya kununua.

(Kama pikapu yako ni ya dizeli, haina plagi za cheche hata ikiwa na tabo. Hita plagi zake ni za kusaidia injini baridi kuwaka tu.)

KUCHAGUA PLAGI

1. Daraja la joto. Plagi "baridi" hupitisha joto upesi kwenda katika chuma cha injini. Plagi "moto" hukaa na joto lake. Plagi ikiwa baridi mno, ncha yake haifiki joto la digrii 450 au 500 hivi linalounguza masizi, basi huchafuka. Ikiwa moto mno, ikapita digrii 800 na zaidi, ncha yenyewe huwasha petroli kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka. Kwa hiyo fuata namba iliyo katika kitabu cha gari. Jihadhari: kwa plagi za NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch na Champion, namba kubwa ni plagi moto zaidi. Ikiwa mwenye gari wa kwanza aliongeza nguvu ya tabo, mara nyingi hufaa kushuka daraja moja upande wa baridi.

2. Nafasi ya ncha. Gari la kawaida laweza kuwa na nafasi ya milimeta 1 au 1.1. Gari la tabo mara nyingi hutaka milimeta 0.7 hadi 0.8. Nafasi ikiwa pana, gari litakwenda vizuri polepole, lakini tabo ikianza kusukuma, cheche itashindwa kuruka. Hayo ndiyo yanayoweza kukupata pale Juja Road. Kwa kawaida ncha huliwa kidogo kidogo na nafasi hupanuka, na brashi ya fundi haiwezi kuirudisha.

3. Urefu na uzi. Plagi fupi huacha uzi wa injini wazi ukajaa masizi. Ndefu mno yaweza kugongwa na pistoni. Linganisha mpya na ile ya kiwandani.

4. Madini ya ncha. Nikeli ni rahisi kwa bei lakini huisha upesi. Platini na iridiamu hudumu muda mrefu zaidi. Usizisugue hizi kwa brashi ya waya. Ncha zake ni nyembamba na huharibika.

SOMA PLAGI KUUKUU

Mwambie fundi azitoe injini ikiwa imepoa, azipange kwa utaratibu wa silinda, na asizifute. Zitazame mwenyewe.

Rangi ya kahawia hafifu au kijivu: injini ni nzima.

Masizi meusi makavu: petroli imezidi hewa. Tazama chujio la hewa, kwa maana vumbi la njia zetu huliziba upesi. Kisha tazama mipira ya hewa kati ya tabo na injini. Ikipasuka, hewa iliyokwisha kupimwa hupotea njiani, na petroli huonekana nyingi. Plagi mpya hazitaponya mpira uliopasuka. Nazo zitakuwa nyeusi baada ya siku chache.

Oili: ringi, sili za valvu, au sili za tabo zinavuja.

Kaure nyeupe kama chokaa, au ina malengelenge: joto limezidi. Huenda petroli ni haba, au plagi ni moto mno. Usipande mlima na mzigo kabla ya kujua sababu.

Kaure iliyopasuka au ncha iliyovunjika: huenda plagi iliangushwa, au injini inagonga ndani kwa petroli mbaya.

Ikiwa plagi zote ni nzuri na silinda moja tu inamisi, hamisha koili yake uiweke katika silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, koili ndiyo mbovu.

KUFUNGA

Puliza vumbi katika tundu kabla ya kufungua. Pima nafasi ya kila plagi mpya, hata kama boksi linasema imepimwa. Anza kukaza kwa vidole, usiikaze kwa spana mpaka uhakikishe imeingia sawa. Kwa plagi mpya yenye washa, ongeza nusu mzunguko hivi baada ya kugota. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu. Ukivunja uzi wake, utalipa zaidi ya bei ya plagi.

Basi tumrudie fundi wetu wa Juja Road. Haifai kumdharau. Mafundi wengi wa Mathare wamejifunza kazi kwa mikono yao na wanaijua. Lakini kataa mkebe wake. Mwombe akufungulie plagi zako, mzisome pamoja, kisha kanunue mpya za namba ya kitabu, katika duka litakalokupa risiti. Plagi nne ni gharama ndogo kwa mkulima. Pistoni iliyotoboka ni maziwa ya miezi mingi, na pengine karo ya mtoto.

Weka plagi moja ya akiba na spana yake garini. Andika katika daftari tarehe uliyozifunga na maili au kilometa za gari. Ng'ombe wako una kumbukumbu zao. Na gari nalo listahili hiyo.