Kutoka Ukingoni Hadi Katikati: Blanketi la Viraka kwa Anayeanza

Soko la Taveta hufurika Jumatano na Jumamosi, na wakulima wa ndizi kutoka Mboghoni ni miongoni mwa wanaolijaza. Ukishauza mikungu yako, pitia kwa mafundi wa nguo kabla ya kurudi nyumbani. Chini ya cherehani zao huanguka vipande vya vitenge, mabaki ya magauni na mashati, ambavyo jioni huishia kufagiliwa. Omba mfuko mmoja. Huo ndio mtaji wa kujifunza kushona mablanketi madogo ya viraka, ujuzi ambao ningependa sana kuuona ukishika mizizi katika wadi hii ya Mboghoni.

Nasema madogo kwa sababu. Mboghoni ni tambarare ya joto. Blanketi zito la nini? Tena anayeanza na la kitanda cha futi tano kwa sita hukwama nusu ya safari, kazi ikabaki sandukuni. La kumlaza mtoto mchanga au la kufunika kiti humalizika, na mshonaji huyaona makosa yake yote angali ana hamu ya kuanza jingine.

Kwanza jua kitambaa chako. Chomoa uzi, uuchome: wa pamba huacha jivu na kunuka kama karatasi inayoungua, wa poliesta hujikunja na kuwa kidonge kigumu. Chukua pamba. Ifue kabla ya kukata, kwa kuwa hurudi, na leso nyekundu au nyeusi iloweke peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisha piga pasi.

Mwenye cherehani aanze na miraba tisa ya sentimita 12, mitatu kwa mitatu. Akiacha milimita 6 za mshono kila upande, atapata kipande cha sentimita 33.6. Hapa ndipo wanafunzi wengi huchoka: safu moja ikishonwa kwa milimita 6 na nyingine kwa 8, zinapishana kwa milimita 8 nzima, na kona hazikutani tena. Dawa ni kubandika ukanda wa karatasi kwenye bati la cherehani, kitambaa kiufuate.

Lakini asiye na cherehani asidhani amefungiwa mlango. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa. Wanawake wao hushona mablanketi waitayo kawandi, na kwangu mimi hakuna mwalimu bora kwa anayeanza. Hutandika sari kuukuu chini, kisha huanza pembeni. Kiraka hukunjwa kingo, kikashikizwa kwa mishono mifupi inayopenya matabaka yote. Kinachofuata hukilalia kidogo cha kwanza. Sindano huzunguka ukingo wote, ikirudi ndani mzunguko baada ya mzunguko hadi katikati. Kwenye kona nne hupachikwa vijiraka vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Bila hivyo, kwao kazi haijakamilika.

Hakuna rula wala miraba inayopaswa kulingana. Kiraka kikiwa kifupi, kingine hufunika pengo. Kuunganisha viraka na kuyashona matabaka pamoja ni kazi moja, na pindo hujimaliza tangu mwanzo. Sisi tunaweza kutandika leso iliyochakaa chini, na kipande cha blanketi jepesi la mitumba katikati kwa ajili ya unene. Uzi uwe imara, wa pamba, na mishono isizidi nusu sentimita, la sivyo vidole vya mtoto vitanasa.

Wanawake wa Taita wanaofuma vikapu vya mkonge watakuta mwendo umegeuzwa: kikapu huanzia kitakoni kikapanuka, kawandi huanzia ukingoni ikajifunga. Ila subira ya kurudia kitendo kidogo mara mia tayari wanayo mikononi. Na kwa kuwa blanketi hili lina kona nne, si lazima lishonwe na mtu mmoja tu. Vyama vya akina mama vinavyokutana Mboghoni vinaweza kuanza na leso moja kuukuu, washonaji wawili wakaketi wakitazamana, kila mmoja na sindano na kona yake, na mfuko wa vipande kati yao.