ROBBIE KEANE: DOGO ALIYEUZWA MARA NNE KABLA HAJAFIKISHA MIAKA 23

Wadau, kwanza tuwekane sawa. Nikisema Keane simaanishi Roy, yule kiungo mbabe wa Manchester United aliyekuwa anawakunjia ndita waamuzi. Wote ni wa Ireland, wote wamevaa jezi moja ya taifa, lakini hawana undugu. Ninayemzungumzia hapa ni Robbie, straika, yule aliyekuwa akifunga anapiga sarakasi, anabingirika, halafu anamalizia kama mtu anayefyatua mshale.

Juzi kijiweni ulizuka ubishi. Jamaa mmoja kakomaa kwamba Robbie alikuwa mchezaji wa kutangatanga tu, timu tano kabla hajafikisha miaka 23, kwa hiyo lazima alikuwa na kasoro, maana mchezaji mzuri hauzwi hovyo hovyo. Ukiangalia juu juu, hoja ina mashiko. Ila ukikaa ukafuatilia kila uhamisho peke yake, picha inageuka kabisa. Ngoja nieleze.

Robbie kazaliwa Julai 8, 1980, akakulia Tallaght, kitongoji cha watu wa kipato cha kawaida kusini magharibi mwa jiji la Dublin. Soka la utotoni alicheza Crumlin United, klabu ya vijana hapo hapo Dublin. Kama ilivyo kwa vijana wengi wa Ireland wenye kipaji, njia ilikuwa moja tu: vuka maji uende Uingereza mapema, maana ligi ya nyumbani ilikuwa haina mshiko. Akiwa na miaka 15 akaenda Wolverhampton Wanderers, wale Wolves. Na hapa msimchukulie poa. Dogo alikuwa mshabiki wa Liverpool, na Liverpool nao walikuwa wanamtaka, ila yeye akaona Wolves ndiko atakakopata namba haraka. Kijana wa miaka 15 anaipiga chini timu ya moyo wake kwa sababu ya hesabu za kucheza! Wangapi wangeweza?

Hesabu ikalipa. Agosti 9, 1997, akiwa na miaka 17 na mwezi mmoja, alianza mechi yake ya kwanza ya ligi ugenini kwa Norwich. Wolves walishinda 2-0, yote mawili katupia yeye. Wakati huo Wolves walikuwa Daraja la Kwanza, ambalo licha ya jina lake lilikuwa daraja la pili, chini ya Ligi Kuu. Msimu huo akamaliza na mabao 11 ya ligi. Huko ndiko mabeki wanapiga viatu kwanza mpira baadaye, na yeye hakuwa na mwili wowote wa kutisha. Alichokuwa nacho ni akili ya kujificha. Anashuka kidogo katikati kama vile mechi haimhusu, beki anamsahau, halafu unamkuta ndani ya boksi.

Machi 25, 1998, kocha Mick McCarthy akamwingiza kwenye timu ya wakubwa ya Ireland kule Olomouc dhidi ya Jamhuri ya Czech. Walifungwa 2-1, lakini siku hiyo hiyo walianza safari yao ya kimataifa yeye na winga Damien Duff. Julai mwaka huo Robbie akarudi kwa vijana wenzake, wakabeba kombe la Ulaya la chini ya miaka 18 kule Cyprus kwa kuwatoa Wajerumani kwa matuta kwenye fainali. Oktoba akaifungia timu ya wakubwa mabao mawili dhidi ya Malta. Mwaka 1999 akaja hata huku Afrika, Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria, ambako Ireland walitolewa na wenyeji kwa penalti kwenye hatua ya 16 bora.

Sasa tuingie kwenye biashara yenyewe.

Agosti 1999 Wolves wakamuuza Coventry City kwa pauni milioni 6. Ilikuwa rekodi ya Uingereza kwa mchezaji ambaye hajafikisha miaka 20. Hakuna cha ajabu hapo: timu ya daraja la chini ina lulu, timu ya Ligi Kuu ina hela. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Derby County, akafunga mawili tena. Coventry ya Gordon Strachan msimu ule ilikuwa raha kuitazama, maana pamoja na Robbie walikuwepo Wamorocco wawili, Youssef Chippo na Mustapha Hadji, huyu Hadji akiwa Mwanasoka Bora wa Afrika wa 1998. Nyumbani walikuwa moto, ugenini hawakushinda hata mechi moja msimu mzima, sijui walikuwa wanaacha miguu nyumbani! Walimaliza wa 14, na Robbie akaondoka na mabao 12 katika mechi 31 za ligi.

Julai 2000, Inter Milan wakaweka mezani pauni milioni 13. Piga hesabu: Coventry wamekaa naye miezi 11, wamepata faida ya milioni 7. Kwa klabu ya ukubwa ule, ofa kama ile haikataliwi. (Msimu uliofuata Coventry walishuka daraja baada ya miaka 34 mfululizo ligi ya juu, lakini hilo tuliache.)

Hapa Inter ndipo watu wanapomhukumu dogo kimakosa. Aliyemtaka alikuwa kocha Marcello Lippi. Si kwamba Inter walikuwa na njaa ya mastraika. Walikuwa na Christian Vieri, Alvaro Recoba, Ivan Zamorano, wakamleta na Hakan Sukur, na Ronaldo wa Brazil alikuwa anauguza goti. Mchezaji wa miaka 20, asiyejua Kiitaliano, anaingia kwenye foleni hiyo akiwa na mtu mmoja tu wa kumtetea, yaani kocha. Mambo yakaharibika fasta. Agosti Inter wakatolewa na Helsingborg ya Sweden kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa. Septemba wakapoteza Super Cup ya Italia mbele ya Lazio kwa 4-3, mechi ambayo Robbie alifunga. Oktoba 1, mechi ya kwanza kabisa ya ligi, wakachapwa 2-1 na Reggina. Lippi akatoka akawasema vibaya wachezaji wake mwenyewe mbele ya waandishi, na Rais Massimo Moratti, ambaye kubadilisha makocha kwake ilikuwa kama kubadilisha shati, akamtimua.

Akaja Marco Tardelli, na hakuwa na mpango na Robbie. Kocha mpya haoni deni lolote kwa mchezaji ambaye hakumchagua, hasa akiwa wa bei mbaya na bado mtoto. Mechi sita za ligi, bao sifuri, halafu benchi. Desemba 2000 akatolewa kwa mkopo kwenda Leeds United. Miezi mitano tu toka amwage wino!

Kama kweli alikuwa garasa, Leeds ndiko tungeona. Kilichotokea ni kwamba alifunga mabao 9 katika mechi 18 za ligi. Kocha wa Leeds alikuwa David O'Leary, naye wa Ireland, na timu ilikuwa imejaa vijana, nahodha Lucas Radebe wa Afrika Kusini. Mwaka 2001 wakamnunua jumla kwa pauni milioni 12. Inter walipoteza milioni moja tu kwa mtu waliyedai hawamhitaji.

Msimu wa 2001/02 ndio siwezi kumtetea sana. Mechi 25 za ligi, mabao 3. Kuna Mark Viduka, kuna Alan Smith, halafu Novemba akaletwa Robbie Fowler kutoka Liverpool, kwa hiyo mara nyingi alikuwa anaanzia nje. Straika anayepewa dakika za mabaki hupoteza ile hamu ya kusogea mapema, anaanza kulazimisha. Lakini tatu ni tatu. Mwenye kutaka kumsema amseme hapo.

Upande wa taifa, mtu huyo huyo alikuwa mwingine. Novemba 2001 alifunga moja ya mabao mawili waliyowafunga Iran mjini Dublin kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia 2002. Huko Asia kabla mpira haujaanza, Roy Keane akagombana na McCarthy kambini Saipan na kurudi nyumbani. Nahodha hayupo, nchi imegawanyika, kila mtu anasema Ireland wamekwisha. Wakatoka 1-1 na Cameroon. Juni 5 kule Ibaraki wakakutana na Ujerumani, Klose akafunga mapema, na mpaka dakika 90 zinaisha bado ni 1-0. Dakika ya 92 Steve Finnan akapiga mpira mrefu, Niall Quinn akauruka kwa kichwa, Robbie akautuliza na kuutandika, Oliver Kahn kaugusa lakini ukaingia. Kumbuka Kahn hakufungwa bao jingine lolote kwenye mashindano yale mpaka fainali alipokutana na Ronaldo. Yaani waliomfunga Kahn 2002 ni wawili tu, na wote walikuwa mali za Inter siku zile za Lippi.

Akafunga tena dhidi ya Saudi Arabia, ikaisha 3-0. Juni 16 dhidi ya Hispania, dakika ya 90, Ireland wako nyuma 1-0, penalti. Ian Harte alikuwa ameshakosa moja mechi hiyo hiyo. Robbie, miaka 21, akauchukua mpira na kuuweka kambani. Walitolewa kwa matuta 3-2, ingawa ya kwake aliingiza.

Sasa sikilizeni. Miezi miwili na nusu baadaye, Agosti 31, 2002, Leeds wakamuuza Tottenham kwa pauni milioni 7. Kutoka 12 hadi 7, baada ya mabao matatu ya Kombe la Dunia! Maelezo yake yako benki. Leeds chini ya mwenyekiti Peter Ridsdale walikopa hela nyingi wakitegemea kuingia Ligi ya Mabingwa kila mwaka. Wakamaliza wa 4 mwaka 2001, wa 5 mwaka 2002, hela ya Ulaya haikuja, wadai wakaja. Julai wakamuuza Rio Ferdinand kwa Man U, kisha Robbie. Muuzaji mwenye shida hapangi bei. Mwaka 2004 wakashuka daraja.

Jumlisha: 6, 13, 12 na 7. Pauni milioni 38 zimezunguka juu ya kichwa cha kijana mmoja ndani ya kama miaka mitatu, Coventry wakafaidi, Leeds wakaumia. Spurs wao wakapata mabao 13 ya ligi msimu wa kwanza tu, na Ireland mpaka anastaafu timu ya taifa 2016 walikuwa wamepata 68 katika mechi 146, rekodi ya nchi.

Na kuna hili la mwisho. Mwaka 2008 Giovanni Trapattoni alipopewa timu ya Ireland, msaidizi aliyekuja naye alikuwa Marco Tardelli, yule yule wa Inter. Nahodha aliyemkuta kambini? Robbie Keane.

Yule mshkaji wa kijiweni najua atasoma hapa. Aje na hoja ya yale mabao matatu ya Leeds, hapo nitamsikiliza.