Je, Wajua? Kamba ya Nguo Yatosha Kuwa Wavu

Je, wajua ya kuwa mpira wa wavu, uliobuniwa na William G. Morgan mwaka 1895 mjini Holyoke, Marekani, ulikusudiwa tangu asili uwe mpole kuliko mpira wa kikapu, ili watu wazima nao wapate burudani pasi na kuumizana? Lakini katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Kaloleni hata Kayole, wauhitajio zaidi upole huo ni watoto wa shule za msingi. Kwani wavu wa wanawake, kama ule walioukabili mabinti wa Kenya katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, una kimo cha mita 2.24, na mtoto wa miaka tisa huutazama kama dari. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara hufunga kamba ya kuanikia nguo baina ya milingoti miwili, kwa kadiri mkono wa mtoto ufikiavyo, na badala ya mpira rasmi wa gramu 260 hadi 280, ambao huichoma mikono michanga, huleta ulio mwepesi. Nalo somo la awali (ajabu!) ni la miguu: magoti yakunjwe, mpira utanguliwe pale utakapoangukia, ndipo mikono iunganishwe. Kupiga kwa kishindo, ambako wote hukutamani, hungoja.