GURUDUMU LIKILIA, LISIKILIZE



Mgodini tunavaa kofia ngumu, miwani na viatu vyenye chuma. Shefu wa timu akimwona mtu hana kofia, anamrudisha. Lakini kazi ikiisha, wengi wetu tunaingia ndani ya motokari yetu wenyewe, na humo hakuna shefu. Mama amekaa mbele, watoto nyuma, na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120. Leo tunataka kuongea juu ya kitu kidogo kinachobeba uzito huo wote: rulema ya gurudumu.

Rulema ni nini?

Ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine. Katikati yake kuna vigololi au vipande vya mviringo vinavyozunguka ndani ya grese. Hivyo gurudumu linazunguka bila chuma kusuguana na chuma. Grese ikiisha, au maji na vumbi vikiingia, chuma kinaanza kujila.

Katika nchi yetu sababu hazikosi. Wakati wa mvua tunapita katika madimbwi; wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali. Kuna mashimo ya barabara. Tena kuna mizigo: mifuko ya makala na ya mahindi inayopita nguvu za motokari.

Baba aliyeongeza sauti ya radio

Tumtazame baba mmoja, mfanyakazi kama sisi. Motokari yake ilikuwa na mlio kama wa nyuki, uliokua kadiri alivyoongeza mwendo. Rafiki alimwambia: « Ni pine tu. » Naye akaongeza sauti ya radio ili asisikie.

Siku moja alikwenda kwenye kilio pamoja na jamaa yake. Njiani usukani ulianza kutetemeka, na harufu ya grese iliyoungua ikaingia ndani. Mke wake akasema: « Baba, simama. » Alisimama. Alipolishika gurudumu la mbele, lilicheza kama jino la mtoto. Siku ile watu watano waliponea katika neno la mama. Akina mama, mkisikia mlio, msinyamaze!

Namna ya kupima

1. Sikiliza njiani. Mlio wa rulema unakua pamoja na mwendo. Ukikata kona kwenda kushoto, uzito unaegemea magurudumu ya kuume. Mlio ukizidi hapo, shuku rulema ya kuume. Ukizidi unapokata kwenda kuume, shuku ya kushoto.

2. Baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kati ya kila gurudumu, bila kugusa. Moja likiwa na moto kuliko mengine, kuna ubaya. Huenda ni rulema, huenda ni freni iliyokwama.

3. Inua gurudumu. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage freni, kisha utikise tena. Mchezo ukiisha, ubaya uko katika rulema. Ukibaki, tafuta katika viungo vya usukani na vya kubebea gurudumu.

4. Lizungushe kwa mkono. Likikwaruza kama lina mchanga ndani, rulema imekufa. Hakuna grese itakayoifufua.

Kabla ya kufungua

Kazi ya nyumbani ina ajali zake. Weka motokari mahali pa sawa na pagumu, vuta freni ya mkono, zuia magurudumu mengine kwa mawe au mbao. Legeza bulo za gurudumu lingali chini, ndipo uinue. Krike ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Weka tegemeo la chuma lenye nguvu. Usitumie matofali, maana yanapasuka ghafula. Watoto wakae mbali.

Tena kuna jambo la mapafu. Freni za motokari za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa amianti. Vumbi lake, kama vumbi la mawe tunalolijua mgodini, linaharibu mapafu, na linaweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya mashini. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, na usirudi nacho jikoni.

Namna ya kubadilisha

Motokari nyingi za zamani zina rulema mbili katika kila gurudumu la mbele, ndogo kwa nje, kubwa kwa ndani. Ukiondoa freni, usiiache ining'inie kwa mpira wake. Ifunge kwa waya. Pete iliyobaki ndani itolewe pia. Rulema mpya juu ya pete ya zamani ni kutupa makuta.

Usipige rulema kwa nyundo moja kwa moja. Chuma chake kinaweza kuruka vipande, na jicho halina la kubadilisha. Vaa miwani yako. Pigia juu ya kipande cha shaba au cha shaba nyeupe, polepole, kuzunguka pete yote.

Jaza grese mpya, uisukume kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili. Weka mpira mpya wa kuzuia maji. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha uilegeze na kuirudisha kama kitabu cha motokari kinavyoagiza. Ikikazwa mno, rulema itaungua. Ikilegea mno, gurudumu litacheza. Mwisho tia pini mpya, usirudishe ile ya zamani.

Motokari za siku hizi nyingi zina rulema iliyofungwa, inayoingizwa kwa presi au kuletwa pamoja na kitovu cha gurudumu. Nati yake inakazwa kwa ufunguo wa kupimia nguvu. Kama huna vyombo hivyo, mpelekee fundi. Si haya.

Baada ya kazi, endesha polepole karibu na nyumba, sikiliza, upime moto tena. Kisha, baada ya kilometa 50 hivi, kaza tena bulo za gurudumu.

Ndugu, rulema ina bei, tunajua, na mwisho wa mwezi uko mbali. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Usalama hauishi mlangoni mwa mgodi. Unafuatana nawe mpaka nyumbani, kwa wale wanaokungojea.