Wawili Ugenini: Siku ya Kwanza Mjini Istanbul

Mume na mke walioishi pamoja miaka mingi hugawana ujuzi wa maisha bila kukaa baraza wala kuandikiana hati: huyu hujua fundi gani ni mwaminifu na duka gani halipunji, yule hujua njia gani haina msongamano na siku gani ada za watoto hulipwa; na kwa mgawanyo huo kila mmoja humwegemea mwenziwe pale ambapo yeye mwenyewe hajui. Wanaposhuka katika mji wa kigeni kwa mapumziko, mgawanyo huo huvunjika ghafla. Wote wawili huwa hawajui sawasawa, wamechoka sawasawa, na kila mmoja, kwa mazoea ya miaka, humtazamia mwenziwe ajue. Hiyo ndiyo asili ya magomvi mengi ya siku ya kwanza ya safari, ambayo watu huisingizia njaa, jua, au dereva wa teksi. Nayo ndiyo sababu ya mimi kuamini kwamba siku hiyo yataka mpango wake peke yake, wala haifai kuhesabiwa kuwa siku ya kutalii kama zile zitakazoifuata.

Nitautwaa mji wa Istanbul kuwa mfano, kwa kuwa watu wengi wa pande zetu sasa huufikia, aidha kwa biashara, aidha kwa matibabu, aidha kwa mapumziko yenyewe. Na ndege hutoka Nairobi na Dar es Salaam usiku na kufika huko asubuhi, baada ya safari ya kiasi cha saa saba. Msafiri wa kwetu hupata huko neema moja asiyoipata London wala Dubai: saa yake ya mkononi haibadiliki. Tangu mwaka 2016 Uturuki hufuata wakati mmoja mwaka mzima, nao ni ule ule wa Afrika Mashariki. Lakini jua la huko halifuati mazoea yetu. Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea magharibi iingie karibu na saa kumi na mbili na nusu, iwe masika au kaskazi. Istanbul, katikati ya Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama yapata saa kumi na moja na nusu jioni, ilhali mwezi wa Juni huzama baada ya saa mbili na nusu usiku. Mume na mke wasiolijua hilo hufika wakati wa baridi na ratiba ndefu ya mchana, wakajikuta gizani kabla ya nusu yake. Au hufika wakati wa joto, wakaendelea kutembea kwa kuwa bado kuna mwanga, mpaka miguu ikakataa. Basi kabla ya kupanga lolote, na waulize jua la mwezi ule huchomoza na kuzama saa ngapi.

Uwanja wa ndege wa sasa, uliofunguliwa mwaka 2018, uko karibu na pwani ya Bahari Nyeusi, kiasi cha kilomita arobaini kutoka mji wa kale. Kuna mabasi, kuna teksi za manjano, na tangu Januari 2023 kuna treni ya chini ya ardhi. Wenye mizigo mizito na macho yaliyokesha nawashauri basi au gari lililoagizwa mapema. Treni ina sifa zake, lakini kubadilisha njia huku unaburuta masanduku mawili si mwanzo mwema wa mapumziko. Na wajue mapema kwamba hoteli aghalabu hazitoi chumba kabla ya saa nane mchana. Mizigo hupokelewa asubuhi na kuwekwa salama, lakini kitanda hakipo. Kwa hiyo kuna saa nne au tano ambazo wawili hawa ni watu wasio na makao, na katika saa hizo ndimo siku inamoharibika au kutengenea.

Jambo la kwanza ni kula, tena kula kwa kituo. Waturuki wana chakula cha asubuhi ambacho hakina haraka: jibini za namna mbili tatu, zeituni nyeusi na za kijani, nyanya na matango, mayai, asali na malai mazito, mkate wa moto, na chai nyekundu katika gilasi ndogo yenye kiuno chembamba, ambayo hujazwa tena na tena. Sijui dawa bora ya uchovu wa safari kuliko meza hiyo. Na hapo mezani, kabla ya ramani kufunguliwa, ndipo pa wawili hao kuelewana wazi juu ya yale ambayo nyumbani hayasemwi: leo nani anashika fedha, nani anatazama njia, na nani akichoka atasema neno gani ili mwenziwe asimdhanie kuwa ana kinyongo. Ni maongezi ya dakika tano, na wengi huyaona ni ya kitoto; mimi nayaona ni nusu ya safari.

Kishawishi kikubwa cha asubuhi hiyo ni Sultanahmet, maana hoteli nyingi za wageni ziko papo hapo, na ukiinua macho unaliona kuba la Hagia Sophia. Hapa nina rai ambayo najua itapingwa: wasiingie siku ya kwanza. Jengo hilo lilijengwa kwa amri ya mfalme Justinian kati ya mwaka 532 na 537, chini ya wataalamu wawili, Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus; kuba lake, lenye upana wa kiasi cha meta 31, limeinuliwa juu ya sakafu kiasi cha meta 55, na limekuwa kanisa, kisha msikiti tangu mji ulipotwaliwa na Sultani Mehmed wa Pili mwaka 1453, kisha makumbusho, na tangu mwaka 2020 msikiti tena. Wanaokwenda kusali huingia bila malipo; mgeni anayekwenda kutazama hupitishwa roshani za juu, na tangu mwaka 2024 hulipa yuro 25. Kwa hiyo mume na mke hulipa yuro hamsini, baada ya kupanga foleni, ili wasimame mbele ya kazi ya miaka elfu moja na mia tano wakiwa wanapiga miayo. Adhama kama ile ina haki ya kutazamwa na mtu aliyelala.

Badala yake washuke Eminönü, kwa miguu au kwa tramu, wakapande feri. Ndiyo shauri langu lote, na mengine niliyoyasema ni matayarisho yake. Sisemi mashua za watalii, zenye vipaza sauti na wapiga debe. Nasema feri ya kawaida ya wenyeji, inayowavusha wafanyakazi na wanafunzi kutoka Ulaya kwenda Asia na kuwarejesha jioni, na ambayo nauli yake ni ndogo mno. Huduma hiyo ina asili katika kampuni iliyoundwa mwaka 1851, enzi za Sultani Abdülmecid. Malipo ni kwa kadi iitwayo Istanbulkart, ambayo hununuliwa na kutiwa fedha mashineni, na hutumika katika tramu, treni, basi na feri sawia. Kila mmoja awe na yake, ili asiwepo anayemngoja mwenziwe mlangoni kama mtoto.

Feri inafaa siku ya kwanza kwa sababu haimtaki yeyote kati yao awe kiongozi. Barabarani lazima mmoja aongoze na mwingine afuate, na anayeongoza akipotea hulaumiwa; chomboni wote wawili huketi ubavu kwa ubavu, na mji wenyewe ndio unaopita mbele yao. Chombo kinapoondoka Eminönü, nyuma juu ya kilima hubaki msikiti wa Süleymaniye, ulioanza kujengwa mwaka 1550 na kukamilika 1557 kwa ustadi wa Mimar Sinan. Upande wa pili wa hori ya Haliç husimama mnara wa Galata, uliojengwa na watu wa Genoa mwaka 1348. Kisha hutokea rasi yenye jumba la Topkapı na miti yake, na nyuma yake Hagia Sophia na minara sita ya msikiti wa Sultan Ahmed. Kwa robo saa au dakika ishirini wamekwisha kuona jinsi sehemu za mji zinavyokaa, kipi kiko mbele ya kipi, na kuanzia hapo ramani huwa na maana kwao wote wawili kwa pamoja.

Mtu wa pwani atapendezwa zaidi na maji yenyewe. Bosphorus ni mlango wa bahari wenye urefu wa kiasi cha kilomita thelathini, na mahali pembamba kabisa upana wake ni kiasi cha meta mia saba, hata hivyo meli kubwa za nafaka na mafuta hupita humo katikati ya mji. Maji ya juu hukimbia kutoka Bahari Nyeusi kwenda Bahari ya Marmara, kwa sababu Bahari Nyeusi hupokea mito mikubwa ya Ulaya, na maji yake ni mepesi na hayana chumvi nyingi. Lakini chini yake mkondo mwingine, wa maji mazito yenye chumvi, hukimbia kinyume. Mabaharia na wavuvi walilijua jambo hilo kwa nyavu zao. Mwitaliano Luigi Ferdinando Marsili alilipima katika karne ya 17 kwa kuteremsha kamba iliyofungwa vipande vya gome na kutazama vinavyopinda. Na mtu huyo wa pwani akumbuke kwamba palikuwa na wakati ambapo dola iliyotawala kutoka mji huu ilifika mpaka kwetu: katika miaka ya 1580 amiri Ali Bey alikuja na merikebu zake pwani ya Waswahili, akakaribishwa Mombasa na wenyeji waliochoshwa na Wareno, akakamatwa huko mwaka 1589, na miaka minne baadaye Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu.

Chomboni huuzwa chai na mkate wa duara uliopakwa ufuta, uitwao simit, na shakwe hufuata nyuma wakidaka vipande vinavyorushwa. Wakishuka Üsküdar, wamefika Asia, na karibu na gati uko msikiti wa Mihrimah Sultan, kazi nyingine ya Sinan, ya mwaka 1548. Wenye kusali watasali. Wajue kwamba wanawake wana sehemu yao na pengine mlango wao, kwa hiyo waagane kabisa mahali pa kukutana baada ya sala, maana kutafutana katika umati wa watu usiowajua ni taabu isiyo ya lazima. Kutoka hapo watembee polepole kando ya maji mpaka mkabala na Mnara wa Bikira, uliojitenga juu ya mwamba wake. Watakutana na paka kila hatua, wamelala juu ya viti vya mikahawa bila ya kufukuzwa, na aliyetoka Lamu atajiona hayuko mbali sana na kwao.

Warudi hotelini kiasi cha saa tisa, waoge, walale saa moja na si zaidi, wasije wakakesha usiku. Jioni inatosha daraja la Galata, lenye safu ya wavuvi na mishipi yao, na mkate wenye samaki wa kuchoma huko Eminönü. Tahadhari moja tu: mpiga viatu rangi akiangusha brashi yake mbele yao, wapite, maana anayeiokota kwa wema hushikiliwa apigiwe viatu brashi kwa shukrani, kisha hudaiwa fedha nyingi. Tena wasinunue kitu kikubwa jioni hiyo. Chai ya muuza mazulia ni ukarimu wa kweli, na papo hapo ni biashara, na aliyechoka hawezi kuvitenganisha.

Kabla ya kulala, kila mmoja ataje jambo moja analolitaka sana kesho, na yote mawili yaingie katika ratiba, kwa kuangalia siku za kufungwa: Topkapı hufungwa Jumanne, jumba la Dolmabahçe Jumatatu, na Soko Kuu Jumapili; tena Ijumaa adhuhuri misikiti haipokei watazamaji. Ikiwa siku zinaruhusu, Hagia Sophia iwe ya kwanza, asubuhi mapema, kabla foleni haijazunguka uwanja.