Maana ya «hadi» katika kadi za antena nyingi

Kabla idara haijatoa fedha zake haba kununua kadi za mtandao usio na waya, yafaa tuyapime maneno ya kasha. Tuseme limeandikwa «hadi mara 4 zaidi».

Kwanza, mara 4 ya nini? Ikiwa ni eneo, umbali huongezeka mara 2 tu, kwani eneo hufuata mraba wa umbali.

Pili, antena zafanya kazi gani? Kiwango cha 802.11n, kilichoidhinishwa mwaka 2009, huziruhusu kutuma mikondo kadhaa ya data kwa pamoja: hiyo ni kasi, wala si umbali. Zikipokea mkondo mmoja, antena 2 hukusanya nguvu maradufu. Mahali pa wazi umbali huongezeka takriban mara 1,4. Penye kuta, antena moja ikipokea hafifu, nyingine huweza kupokea vema.

Tatu, mawasiliano ni ya pande mbili: upande dhaifu ndio uwekao mpaka.

Basi «hadi» hutaja kilele, si kawaida. Tuazime kadi moja, tuipime katika chumba cha mwisho, pale pale ilipopimwa ya zamani, ndipo tununue.