Programu imeganda? Huenda nyuzi mbili zinangojana

Kama umewahi kupita vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, kisa hiki unakijua. Tuktuk inaingia upande huu, mkokoteni wa maji unaingia upande ule, na hakupishaniki. (Hata Ndia Kuu, na hilo jina lake kubwa, si pana kihivyo.) Kila mmoja ameshika nusu ya njia na anataka nusu ya mwenzake. Asiporudi mmoja, basi hapo mtalala.

Programu nayo hukwama vivyo hivyo. Tuseme unaunda apu ya kutumiana pesa. Uzi wa kwanza unatoa shilingi 500 kwa Asha kwenda kwa Juma: umefunga akaunti ya Asha, sasa unataka ya Juma. Uzi wa pili unatuma kinyume: umefunga ya Juma, unangoja ya Asha. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna chochote. Wewe unakodolea skrini tu.

Dawa moja ni kungoja kwa muda maalum. Kwenye Python, tangu toleo la 3.2 la mwaka 2011, acquire inakubali timeout=2: uzi utangoja sekunde 2, ukipata kufuli unajibiwa True, ukikosa False. Java ina tryLock. Synchronized haina muda, itangoja hadi kiyama.

Sasa hapa ndipo wengi huchemsha. Usipokagua ile False, uzi unaendelea kana kwamba una kufuli, halafu mwishoni unaita release. Lock ya kawaida ya Python haiulizi ni nani aliyefunga. Utafungua kufuli la mwenzako, na salio la Asha liharibike kimya kimya. Tena ukikosa kufuli la pili, achia na la kwanza! Tuktuk iliyozima injini katikati ya kichochoro haijamsaidia mtu.

Na usijaribu tena papo hapo. Nyuzi zote mbili zikirudi nyuma pamoja na kuingia pamoja, mchezo hauishi. Kila mmoja upumzike kwa muda wa kubahatisha kwanza.

Mimi, pale inapowezekana, ningeanza na utaratibu: akaunti yenye nambari ndogo hufungwa kwanza, siku zote. Hapo nyuzi hizi haziwezi kungojana. Muda uweke pale usipoweza kupanga foleni, mathalan kufuli likiwa ndani ya msimbo wa mtu mwingine. Na sekunde 2 si sheria. Kwa mteja aliyesimama dukani, jaribu 0.5, kisha rekodi kila mara muda unapoisha ujue ni kufuli gani lina msongamano.